Baba Yako Yuko Wapi Humu?

Mama alisikiliza shairi langu mpaka mwisho, mikono ameilaza mapajani, kanga imemfunika magoti. Ilikuwa Oktoba 2006, wiki ya tatu tangu tumzike baba. Tulikuwa tumekaa barazani nyumbani kwetu Kibosho, mvua za vuli ndiyo kwanza zimeanza, na migomba ilikuwa inadondosha maji. Nililisoma kwa sauti kubwa kwa sababu nililiamini. Mistari 42, shairi huru, halina kina hata kimoja. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza, "Baba yako yuko wapi humu?"

Nikamjibu kwamba shairi zima linamhusu yeye.

"Hapana, mwanangu. Nimekusikia wewe. Wewe unalia, wewe hulali, wewe moyo umepasuka. Pole sana. Lakini yeye sijamwona."

Usiku ule niliwasha taa ya chemli, nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza kuzungushia duara kila mahali nilipojitaja. Nalia. Nimebaki. Nimepasuka. Naona giza. Moyo wangu. Usiku wangu. Nilipata duara 37. Jina la baba halikuwemo, kazi yake haikuwemo, hata ile kofia yake ya sufi haikuwemo. Nilikaa na lile karatasi jekundu mpaka jogoo wakawika.

Swali la mama lilinikuta na kiburi nilichokuwa nimekijenga miaka kumi. Kiburi hicho kilikuwa na sababu zake, na mpaka leo sizidharau.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mpenzi wa mashairi ya redio. Redio yake ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama, na saa ya mashairi ilipofika hakuna aliyeruhusiwa kutwanga wala kugombana. Mghani alipoanza, baba alihesabu mizani, yaani silabi za kila kipande, kwa mkono wa kulia: kidole gumba kinagusa vidole vinne kwenda, kinavigusa tena kurudi, nane zikitimia anakunja ngumi. Kila mshororo ngumi mbili: ukwapi, kipande cha kwanza, na utao, kipande cha pili. Kila ubeti mishororo minne. Akisikia kipande chenye mizani 7, uso ulimkunjamana kama mtu aliyeuma kokoto kwenye wali. Hakupata elimu ya kupita darasa la nne, lakini sikio lake halikuwa na mchezo.

Ubeti wa mwisho ndio aliousubiri zaidi, maana hapo mtunzi hujitaja. Beti saba nzima mtu ameongelea malezi ya watoto au madhara ya ulevi, wala hujui ni nani, halafu kwenye kaditamati anafunua uso kidogo: jina la kalamu, mji anaokaa, pengine na sanduku lake la posta. Baba alisema huyo ni mtu mwenye adabu, ameutua mzigo kwanza ndipo anasema katumwa na nani. Nilikuwa mtoto, sikuona kwamba pale nilikuwa nafundishwa jambo kuhusu nafsi ya mshairi. Nilidhani nafundishwa kuhesabu.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Tulighani ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeupa umbo huo umaarufu, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera ziligeuka kuwa gari la kubebea siasa ya Ujamaa mpaka shule za vijijini. Nilizaliwa mwaka 1977, kwa hiyo zilinikuta zimeshakuwa desturi: kundi moja linauliza, la pili linajibu, wageni wa heshima wanapiga makofi. Siku moja, nikiwa darasa la nne, nilisimama mstari wa mbele nikiwa na homa. Jua lilikuwa kali, miguu inatetemeka, na mdomo wangu unasema sisi vijana imara, sisi wachapa kazi, sisi tusiotetereka. Nakumbuka nilijiuliza kwa akili yangu ya kitoto kama kwenye hiyo "sisi" mimi mwenye homa nimo. Sikuona mahali pa kukaa.

Miaka tisa baadaye, nikiwa kidato cha tano, mwalimu alituletea darasani nakala moja ya Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1974. Nakala moja, wasichana 38. Alitusomea "Kisu Mkononi", shairi la mtu ameshika kisu na anabishana na maisha yake mwenyewe. Hakukuwa na kina cha kushika, hakukuwa na ngumi mbili za baba. Kulikuwa na mtu peke yake usiku. Nilihisi kama mlango wa chumba nilichofungiwa tangu darasa la nne umefunguliwa kwa nje. Kumbe mtu anaweza kusema mimi, na maumivu, na hofu, na asisingizie taifa zima!

Nikaacha mizani siku hiyo hiyo. Nilinunua kaunta buku, nikaijaza, nikanunua nyingine. Zilifika tatu kabla sijamaliza kidato cha sita. Kila shairi lilianza na mimi na kuishia na mimi. Mwalimu mwingine, mtu wa vina na mizani, alilirudisha moja akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ubinafsi umezidi. Mshairi ni sauti ya jamii." Nililia bwenini. Kisha nikamchukia kwa muda mrefu kuliko alivyostahili.

Kiswahili chenyewe kinatuwekea mtego hapo. Nafsi ni neno zuri, ni roho ya mtu, ni uhai wake, ni yeye mwenyewe ndani. Ukiliongezea kidogo tu ukasema ubinafsi, tayari umemtukana mtu: mchoyo, hajali wenzake. Kizazi changu kilikua kikisikia neno hilo likiwekwa kapu moja na ubepari na unyonyaji. Hatuna neno jepesi la kila siku la kumaanisha kuitazama dunia kutokea pale uliposimama wewe, neno lisilo na lawama ndani yake. Kwa hiyo mwalimu yule alipoandika ubinafsi, sijui hata leo kama alikuwa anahukumu shairi langu au tabia yangu, na nadhani hata yeye lugha haikumpa nafasi ya kutofautisha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko sisi wawili. Tangu miaka ya 1970 washairi wa Kiswahili waligawanyika kambi mbili. Wanamapokeo walisema shairi lisilo na vina na mizani ni guni, ni nathari iliyokatwa vipande, ni kuiga Wazungu. Wanausasa wakajibu kwamba roho ya ushairi haiko kwenye hesabu. Kezilahabi alikuwa upande huu pamoja na Ebrahim Hussein, Mulokozi na Kahigi. Kitabu kilichoshikwa mkononi na wanamapokeo wengi kilikuwa Sheria za Kutunga Mashairi cha Kaluta Amri Abedi, cha mwaka 1954. Nilipohamia Arusha niligundua kwamba uwanja wa mpira ulio katikati ya mji, karibu kabisa na stendi ya mabasi, umepewa jina la sheikh huyo huyo. Watu wanaingia pale kushangilia magoli, wengi wao hawajui kwamba wako ndani ya jina la mtu aliyekaa akaandika sheria za ushairi. Nilikuwa nikipita na kifodi asubuhi nakitazama kibao cha uwanja kama askari anavyotazama kambi ya adui. Nilikuwa na miaka 21. Nilikuwa sijafikiria sana.

Maana kama ningefikiria, ningekumbuka Shaaban Robert, baba wa wanamapokeo wote, alivyomlilia mkewe Amina ndani ya mizani kamili, na kilio kile ni chake yeye, hakikopwa kwa mtu. Ningekumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa kisiasa, na aliyeandika gerezani mashairi yaliyokuja kutoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mtu mmoja, chumba kimoja, nafsi imebanwa mpaka mwisho, na bado kila mshororo umekaa sawa kwenye vina vyake. Mizani haikumfukuza mtu ndani ya shairi. Nilikuwa nimeipa hatia isiyo yake.

Chuo kikuu sikwenda. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, tulikuwa watoto sita, na baba hakuwa na pa kukopa. Mwaka 1998 nilipanda kosta nikaja Arusha, kilomita 80 hivi kutoka Moshi, nikapata kazi kwenye karakana ya vinyago nyuma ya Barabara ya Sokoine. Kazi yangu ilikuwa msasa. Mafundi wanachonga, mimi napiga msasa, wa kukwaruza kwanza, halafu wa kati, halafu ule laini kama karatasi ya daftari, mwishoni brashi na rangi kidogo ya viatu. Mchana kutwa vumbi la mpingo linakuingia puani, na ukipenga, kamasi yanatoka meusi.

Fundi mkubwa alikuwa mzee wa Kimakonde aliyetoka Newala. Tulimwita Babu. Alikuwa haongei sana, na ninaona alinifundisha ushairi zaidi ya mtu yeyote ingawa sidhani kama aliwahi kusoma shairi.

Alichonga mitindo miwili. Wa kwanza ni ujamaa, ile nguzo ya watu waliopandana, mmoja juu ya bega la mwingine, wote wametoka kwenye gogo moja. Wa pili ni shetani: macho yamekaa shavuni, sikio kubwa kuliko kichwa, tumbo lina tundu unapitisha mkono. Mtindo huu wa pili haukutoka kwa mababu. Anayekumbukwa kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa, fundi wa Kimakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni sanaa ya kisasa kama lilivyo shairi huru, imetoka kichwani na ndotoni mwa mtu mmoja, wengine wakaifuata. Mimi bila shaka nilipenda shetani. Niliona ndiyo kaunta buku zangu tatu, zimechongwa.

Siku moja nikamwona Babu amekaa mbele ya gogo tangu asubuhi hajaligusa. Tezo iko chini, patasi ziko kwenye gunia. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanionyesha ufa, mwembamba kama unywele, umeteremka upande wa kushoto.

"Nimeota kitu cha kuchonga," akasema. "Ndoto imekuja na mikono miwili. Mti umekuja na mmoja. Sasa natazama nani atamwachia mwenzake."

Kesho yake akaanza. Kinyago kilitoka na mkono mmoja, mrefu, umezunguka mgongo mzima na kurudi kushika sikio la upande wa pili. Sijapata kuona kitu cha ajabu kama kile. Nilikipiga msasa siku nne. Pale ambapo mkono wa pili ungekuwepo, Babu alikuwa ameacha ukanda wa ile sehemu nyeupe ya nje ya mpingo, inayokaa juu ya kiini cheusi, na weupe ule ulikuwa kama kovu lililopona. Kama angeilazimisha ndoto yake, mti ungepasuka. Kama angeitupa ndoto, angekuwa na kuni. Nilianza kujiuliza mti wangu mimi ni upi. Nilikuwa na ndoto kaunta buku tatu, na hakuna kitu hata kimoja kilichowahi kunikatalia.

Wauzaji wetu vijana walikuwa na maelezo tayari kwa watalii: huyu ni jini la mapenzi, huyu ni jini la maji. Babu hakuwakataza, lakini mtalii akimuuliza yeye mwenyewe kinyago kina maana gani, alikigeuza juu chini akamwonyesha herufi zake mbili, zimechongwa chini ya kitako ambapo hazionekani kikisimama. Alikuwa anasema, kwa njia yake, mimi nipo hapa, mengine tazama mwenyewe. Nilimkumbuka baba na ule ubeti wa mwisho.

Aliwahi pia kunieleza juu ya mapiko, barakoa za ngoma za jando kule kwao. Alinieleza nusu nusu, kwa sababu wanawake tulitakiwa tusijue. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwa kizima, wakati mwingine hutiwa nywele halisi za mtu. Anayecheza ndani anatoka jasho, anahema, anaona kupitia tundu dogo mdomoni. "Ukijitaja umeharibu," akasema Babu. "Lakini usipokuwemo ndani, nani atacheza?" Hapo aliona amenena mengi, akachukua tezo.

Jambo lililonigusa kuliko yote lilikuwa kwenye nguzo ya ujamaa, mtindo niliokuwa nimeudharau kwa sababu ulinikumbusha ngonjera. Watu 19, gogo la kimo cha mtoto wa miaka minane. Unapopiga msasa nguzo ya namna hiyo huwezi kuitazama yote kwa pamoja, unakwenda uso kwa uso, pua kwa pua, kidole chako kimezungushiwa karatasi. Chini kabisa, nyuma, mahali ambapo mnunuzi hatainama, nikamkuta mwanamke amefunga kitambaa kutoka chini ya kidevu mpaka utosini, na shavu moja limevimba. Nikamwita Babu.

"Dada yangu," akasema. "Jino lilimuuma mwaka mzima."

Niliweka msasa chini. Kwenye ile "sisi" ya watu 19, mwenye jino alikuwa amepewa mahali pake, na uzito wa waliopanda juu ulikuwa unapita begani kwake kama kwa wengine. Nilimfikiria yule mtoto wa darasa la nne mwenye homa. Nilitoka nje kwa muda, nikasema nimeingiwa na vumbi machoni.

Mtu angedhani baada ya hapo niliandika vizuri. Sikuandika vizuri. Kuelewa kwa mkono wa mwingine ni kitu kimoja, kuandika ukiwa na msiba ni kitu kingine. Baba alipofariki mwaka 2006 nilirudi moja kwa moja kwenye kaunta buku. Uchungu ulikuwa mkubwa, nikafikiri ukubwa wake unatosha. Nikafikiri nikisema naumia mara 37, msikilizaji ataumia mara 37. Mama akanipa pole. Pole ni kitu unachompa mtu. Shairi nilikuwa nimemwandikia baba.

Baada ya usiku wa duara nyekundu nilijiwekea kazi. Nilirudi Arusha, na kila jioni baada ya karakana niliandika kitu kimoja cha baba, kitu cha kushikika, bila kuongeza nilivyojisikia. Mkasi wake wa kupogolea mibuni, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Namna alivyokuwa akimwaga mbege kidogo chini kabla ya kunywa. Masale aliyopanda mpakani. Kidole gumba kwenda na kurudi. Nilipofika kwenye redio nilikwama wiki mbili, kwa sababu redio ilikuja na mawe yake.

Baba hakuita betri, aliita mawe ya redio. Yalipochoka hakuyatupa. Aliyaanika juani juu ya bati la jiko, yakapata joto, na joto hilo liliyapa nguvu kidogo ya ziada, nusu saa, pengine zaidi. Alifanya hesabu ya kuyaanua kabla jua halijashuka nyuma ya migomba ili kipindi cha mashairi kisimpite. Nilipoliandika jambo hilo kwa mstari huru lilikuwa maelezo tu. Nikalijaribu tena na tena. Usiku mmoja kidole gumba changu kikaanza kutembea chenyewe:

Mawe mawili juani, baba akiyaanika,
Juu ya bati jikoni, saa tisa ikifika
Huyarejesha nyumbani, sauti ikasikika,
Leo yamo kabatini, hakuna wa kuyashika.

Ulikuwa ubeti wangu wa kwanza wa vina tangu kidato cha tano. Nafsi yangu sikuitaja hata mara moja. Lakini ni nani mwingine aliyekuwa chini ya bati lile na miaka 9, ametazama juu, anasubiri baba aseme yamepata moto? Nilikuwemo kama yule anayecheza ndani ya lipiko, natoka jasho. Kwa mara ya kwanza uchungu wangu ulikuwa na kitu cha kushindana nacho, kama ndoto ya Babu na ufa wake.

Sikurudi kambi ya wanamapokeo kwa sababu ya ubeti mmoja. Bado naandika mashairi huru, na Januari 2020, Kezilahabi alipofariki, nilifunga kibanda mapema nikakaa na nakala yangu ya Kichomi iliyochakaa. Nilipoisoma tena niliona nilichokuwa nimekiruka nikiwa msichana. Kisu. Nilikuwa nimesikia maumivu tu, nikadhani maumivu ndiyo shairi. Yule mtu ana kisu mkononi, kitu cha chuma, chenye makali, ambacho sote tumewahi kukishika kukatia nyanya. Hapo ndipo msomaji anapoingilia.

Mteja mmoja, mwalimu wa fasihi, aliwahi kunifungulia kwenye simu yake insha ya T. S. Eliot, mshairi aliyeandika kwa Kiingereza, ya mwaka 1919, akanitafsiria taratibu tukiwa tumekaa juu ya magogo. Eliot anadai kwamba ushairi ni kuikimbia nafsi yako, si kuianika. Nilikasirika nikamwambia huyo hakuwahi kusimama kwenye ngonjera akiwa na homa. Mwalimu akacheka, akasoma sentensi inayofuata, ambapo Eliot anakiri kwamba ni wale tu walio na nafsi na hisia ndio wanaojua maana ya kutamani kuzikimbia. Hapo nikamwelewa zaidi, ingawa sikubaliani naye mpaka mwisho. Mtu aliyenyimwa "mimi" tangu utotoni hana haja ya kuikimbia, ana haja ya kuipata kwanza. Nilimpenda zaidi Rimbaud, kijana wa Kifaransa aliyeandika kwenye barua mwaka 1871, akiwa na miaka 16, kwamba mimi ni mtu mwingine. Babu angemwelewa yule mtoto bila kutafsiriwa.

Siku hizi vijana wa Arusha wananiletea mashairi yao kwenye simu. Wengine wanaghani jukwaani, wengine wanachanganya na mapigo ya muziki, na karibu yote ni mimi, mimi, mimi. Siwaambii kwamba ubinafsi umezidi. Nilishaandikiwa hivyo, najua linavyokaa rohoni mwa mtu wa miaka 18. Wiki iliyopita binti mmoja kutoka Ngarenaro alinisomea shairi la kuachwa, lina giza, lina machozi, lina moyo uliovunjika vipande. Nikamwuliza siku ile alikuwa amevaa nini miguuni. Akashangaa. Akafikiri, akasema alikuwa amevaa ndala za mama yake, kubwa kwake, na alipokuwa anarudi nyumbani kwa miguu kutoka Mnara wa Saa moja ilikatika kamba, akaibeba mkononi njia nzima. Alinyamaza. Kisha akaniomba kalamu.

Misa ya mwaka mmoja wa baba ilikuwa Septemba 2007. Watu walipokwisha kula na kutawanyika, mama akakaa pale pale barazani, mikono mapajani. Sikumwambia kwamba ni shairi. Nilianza tu kulisema, polepole, bila karatasi. Nilipofika mwisho wa ubeti wa kwanza akainua mkono kunisimamisha.

"Yalikuwa manne," akasema.

"Mama?"

"Mawe. Mawili yalikuwa ya tochi. Redio ile ilikula manne. Aliyapanga hivi." Akaniwekea vidole vinne vya mkono wa kushoto juu ya goti, vimeachana kidogo, ili jua lipite kati.

Nikahesabu kwa kidole gumba, kwenda na kurudi. Ma-we-ma-n-ne-ju-a-ni. Nane.